Euro 1,000 zimelipwa, mbona hazikufika zote?

Kila mwisho wa mwezi nina kazi moja isiyobadilika: nachukua orodha ya mauzo ya biashara ndogo zinazouza mtandaoni, naiweka kando ya taarifa ya benki, kisha natafuta kila senti iliyopotea njiani. Mauzo yakiwa ya sarafu moja, kazi hiyo haichukui muda. Yakiwa ya sarafu za kigeni, ndipo simu zinapoanza kuingia. "Kampuni ya malipo iliniambia inakata asilimia 3. Mbona naona zimepungua karibu 7?"

Anayeuliza hivyo kwa kawaida hajakosea hesabu. Asilimia 3 ni ada iliyoandikwa. Zilizobaki zimekatwa ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha, na kwenye taarifa hutakuta mstari wowote unaoyaita makato.

Tuanzie hapo. Sarafu mbili zinapouzwa kwa kubadilishana sokoni, huwa kuna bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Katikati ya bei hizo ndipo kilipo kiwango cha kati, kile unachokiona ukitafuta mtandaoni "euro moja ni dola ngapi". Mfanyabiashara mdogo ni nadra kupewa kiwango hicho. Anayekubadilishia hukisogeza kidogo upande wake, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Tuseme hesabu zako unaziweka kwa dola, mteja amelipa euro 1,000, na kiwango cha kati siku hiyo ni dola 1.10 kwa euro moja. Ulipaswa kuona dola 1,100. Wewe umebadilishiwa kwa 1.067, ukapata 1,067. Dola 33 zimeondoka, na juu ya ukurasa pameandikwa kwamba kubadilisha fedha ni bure. Kwa hiyo ukiona tangazo la "bila kamisheni", uliza kiwango. Zipo kampuni zinazotumia kiwango cha kati na kuitaja ada yao waziwazi kando. Hizo angalau unaweza kuzilinganisha na nyingine bila kubahatisha.

Kupima ni rahisi, na ninaomba sana ulifanye hili kabla ya kubadilisha chochote. Chukua malipo matatu ya hivi karibuni. Kwa kila moja, rudishia ada iliyoandikwa kwenye kiasi kilichokufikia, gawanya jumla hiyo kwa kiasi alicholipa mteja, kisha linganisha jibu na kiwango cha kati cha siku fedha zilipobadilishwa. Pengo unaloliona ndiyo ada ya pili.

Ninaloliona likiumiza biashara nyingi zaidi ni fedha kubadilishwa mara mbili. Mteja analipa kwa pauni. Kampuni ya malipo, kwa kuwa ulipojisajili ulichagua dola kama sarafu ya kupokelea, inazigeuza pauni kuwa dola. Dola hizo zinatumwa kwenye akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa sarafu ya nchi yako, na benki inazigeuza tena. Kila mmoja akichukua asilimia 2, kwenye kila 100 unabaki na 96 na senti kidogo. Nne zinaonekana ndogo mpaka uzipime dhidi ya faida na si dhidi ya mauzo. Kama katika kila 100 ya mauzo faida yako ni 10, umepoteza karibu faida nne kati ya kumi, tena kwa sababu ya kisanduku kimoja ulichokijaza siku ya kujisajili na hujakirudia tangu hapo. Nimekutana na biashara iliyofanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Mwenyewe alikuwa anapunguza gharama za ufungashaji ili faida irudi, kumbe ufungashaji haukuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana sianzi kwa kuuliza ni kampuni gani ina ada ndogo. Nauliza: nani anabadilisha fedha zako, wapi, na lini? Ukijua hayo unaweza kuchagua, na mara nyingi uamuzi bora ni kutobadilisha kabisa mpaka ulazimike. Kampuni nyingi za malipo na baadhi ya benki hutoa akaunti ya sarafu nyingi, ambapo euro zinakaa kama euro na dola zinakaa kama dola. Wengine watakupa hata namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ili mteja wa Ulaya alipe kama anavyomlipa jirani yake kupitia SEPA, mfumo wa Ulaya wa kutumiana euro benki kwa benki. Kisha angalia matumizi yako. Matangazo ya mtandaoni, programu za kulipia kila mwezi na uhifadhi wa tovuti mara nyingi hutozwa kwa dola. Ukiuza kwa dola na kulipia hayo kwa dola zilezile, umeepuka kubadilishiwa wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa. Kabla ya yote hayo, muulize ofisa wa benki yako kama sheria inakuruhusu kushika fedha za kigeni na kwa muda gani, kwa sababu zipo nchi zinazomtaka muuzaji wa nje abadilishe mapato yake ndani ya siku maalumu.

Kwa ankara kubwa, wateja wengine watapendelea kutuma benki kwa benki. Hapo watu husema "nimetuma kwa SWIFT" kana kwamba SWIFT ndiyo iliyobeba fedha. SWIFT ni ushirika ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, na kinachosafiri ndani yake ni ujumbe tu. Fedha zenyewe husogea kati ya akaunti ambazo benki zimefunguliana, na benki mbili zisipokuwa na akaunti kati yao, hutumia benki ya tatu, wakati mwingine na ya nne. Kila moja inaweza kuchukua chake. Mwambie mteja aangalie sehemu ya gharama kwenye fomu yake: OUR maana yake mtumaji anabeba zote, SHA mnagawana, BEN zote zinakuangukia wewe. Wengi huacha SHA bila kusoma, na ndiyo sababu ankara ya 1,000 inaingia kama 975 na wewe unashindwa kuifunga. Andika kwenye ankara yenyewe kwamba gharama za kutuma ni za mtumaji.

Kuhusu bei, mimi nasimama upande wa kupanga bei kwa mkono kwa kila sarafu unayoiuzia. Zipo programu za duka zinazogeuza bei zenyewe kila saa, lakini mteja aliyeona 48.37 asubuhi na 48.91 jioni huanza kukutilia shaka. Weka 49, ipitie kila baada ya miezi mitatu, na iguse mapema kiwango kikisogea zaidi ya asilimia 5. Kumwonyesha mteja bei kwa sarafu yake pia ni kumtendea haki: akilipa kwa sarafu ya kigeni, benki yake inaweza kumtoza ada ya ziada, mara nyingi hadi asilimia 3, naye anaigundua baada ya wiki kadhaa na kudhani umemzidishia wewe.

Ukiwa na mtu anayekuunganishia mfumo wa malipo, mwulize swali hili moja: yen umeiandikaje? Mifumo mingi hupokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kwa hiyo dola 50 huandikwa 5000. Yen haina senti. Yen 5,000 huandikwa 5000, na aliyezoea dola ataizidisha kwa mia bila kufikiri, mteja atozwe yen 500,000. Dinari ya Kuwait kinyume chake ina tarakimu tatu baada ya nukta, kwa kuwa dinari moja ni fulusi 1,000. Nimekaa na muuzaji usiku kucha tukirudisha malipo ya yen yaliyozidishwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, huku wateja wakiandika barua pepe kwa hofu. Siombei mtu yeyote usiku ule.

Na kurudisha fedha kuna maumivu yake. Mteja hurudishiwa kile alicholipa, kwa sarafu aliyolipia. Umeuza kwa pauni 200 wakati pauni ni dola 1.25, ukapokea 250. Baada ya wiki tatu mteja anarudisha bidhaa, na sasa pauni ni 1.30. Utatoa dola 260, na kampuni nyingi hazikurudishii ada ya mwanzo. Kama umeziacha pauni zikae kama pauni, zile 10 hazikugusi. Kwa hiyo kwa biashara yenye marejesho mengi, ninashauri kubakiza salio la kila sarafu linalotosha marejesho ya mwezi mmoja.

Malipo yanayopingwa kupitia benki ya mteja ni mzigo mwingine. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mteja mara nyingi ana hadi siku 120 za kulalamika. Ushahidi wa kufikisha mzigo, mawasiliano yenu na masharti aliyoyakubali vihifadhi kwa muda huo wote. Hakikisha pia jina linalotokea kwenye taarifa ya kadi yake ni lile alilolijua dukani. Kesi nyingi nilizozipitia hazikuwa za ulaghai; mteja aliona jina la kisheria asilolifahamu, likiwa na nchi asiyoijua, akashtuka.

Viwango vyenyewe kwa kawaida hutembea taratibu, ila si siku zote. Benki kuu ya Uswisi ilikuwa imeahidi tangu Septemba 2011 kwamba euro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 iliiondoa ahadi hiyo bila taarifa ya awali, na ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Usiku wa kuamkia 24 Juni 2016, Uingereza ilipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, pauni ilitoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.35. Fikiria ulikuwa na ankara ya pauni ambayo mteja aliahidi kuilipa "wiki ijayo". Huwezi kuyazuia hayo, lakini unaweza kuweka siku 14 za uhai kwenye kila makadirio ya bei, na kuomba malipo ya awali kwa kazi ndefu.

Na sasa daftari, sehemu yangu ninayoipenda. Kila uuzaji uandike kwa kiwango cha siku ulipofanyika. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 kinavyotaka. Fedha zikiingia baadaye kwa kiwango kingine, tofauti iandike peke yake kama faida au hasara ya ubadilishaji. Usiichanganye na mauzo wala na ada. Ukizichanganya, mwezi mzuri wa sarafu utakudanganya kwamba unauza zaidi, na mwezi mbaya utakufanya upunguze bei isiyo na kosa. Mimi huweka safu sita tu: tarehe, kiasi na sarafu ya mteja, kiwango cha siku ya kuuza, ada iliyoandikwa, kiasi kilichofika, na tofauti. Safu ya mwisho ikizidi asilimia 2 miezi miwili mfululizo, napiga simu kwa kampuni ya malipo na kuuliza fedha zimebadilishwa wapi.