Haleluya ya Handel haitaki makelele

Krismasi ikikaribia, kwaya nyingi hufufua nota zao za do-re-mi na kuanza mazoezi ya "Haleluya" ya George Frideric Handel. Kama mwalimu wa kwaya nina ombi moja tu: tupunguze sauti. (Wimbo wenyewe wala si wa Krismasi. Katika Messiah, utungo mrefu wa waimbaji na vyombo ambamo wimbo huu umetoka, unafunga sehemu ya pili, ile ya mateso na ufufuo. Hilo nimeshaacha kubishania.)

Handel, mtunzi Mjerumani aliyehamia London, aliandika Messiah nzima kwa siku 24 mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Na katika "Haleluya" alibana matumizi kweli kweli. Baada ya haleluya za mwanzo, sauti zote nne (soprano ya juu kabisa, alto, teno na besi ya chini) zinaimba mstari mmoja bila kupishana: "kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki". Kisha mstari huohuo mpana anaipa sauti moja, huku nyingine zikiurushia haleluya fupifupi. Vitu viwili vyepesi vimepandana, na ghafla unasikia umati.

Kwenye "naye atamiliki" besi wanatangulia, wanafuata teno, halafu alto, mwisho soprano. Halafu inakuja "Mfalme wa wafalme", na hapa ndipo penye mtihani. Soprano wanashikilia noti moja ndefu, teno na besi wanajibu "milele na milele, haleluya". Soprano wanapanda, wanajibiwa tena, wanapanda tena, mpaka G ya juu. Kwaya iliyopiga kelele tangu ukurasa wa kwanza hufika hapo haina pumzi, na noti inashuka. Wabanie soprano wako. Waanze kwa sauti ya wastani, kupanda kwenyewe kutaleta nguvu.

Karibu na mwisho wote wananyamaza, tarumbeta na ngoma pia. Kisha haleluya ya mwisho, polepole, fa kurudi do, kama "Amina" ya baada ya tenzi. Mazoezini hakosi mtu wa kukirukia kile kimya, na mara nyingi ni teno.

Mkikosa tarumbeta msijali. Handel mwenyewe alikuwa akiibadilisha Messiah kulingana na waimbaji aliowapata, na mwaka 1789 mtunzi Mozart aliipangia vyombo upya. Kinanda kimoja kinatosha, ilimradi besi wasikimbie.