Ukiulizwa "Upo?": yanayosemwa vibaya kuhusu umakinifu

Salamu yetu ya haraka hapa Mtwara ni hii: "Upo?" "Nipo." Tunajibu bila kufikiri. Siku moja mamdogo wangu wa Mikindani alilikataa jibu langu. Tulikuwa uani tunabangua korosho, simu imelala pajani kwangu, kichwa kinahesabu ada ya mtoto. Nikagonga, korosho ikatoka vipande vitatu.

"Upo?"

"Nipo, mamdogo."

Akavitazama vile vipande. "Hupo," akasema, akaendelea na kazi yake.

Wataalamu wa afya ya akili wana jina la hicho alichokiona kimekosekana: umakinifu. Akili iwe pale mikono ilipo, na ikiondoka, mwenyewe ujue imeondoka. Jambo dogo, lakini limezushiwa mengi.

Eti lazima akili iwe tupu

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Mtu anatulia dakika mbili, anakumbuka deni la dukani, anasema "mimi siwezi haya mambo". Lakini akili haifungwi kama bomba. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliowafuata watu wazima 2,250 kwa simu, wakiulizwa ghafla: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yalikuwa kwingine, na watu walisema furaha ilikuwa pungufu kuliko walipokuwa na akili kwenye walichokifanya. Kuzurura, basi, ndiyo desturi ya akili. Zoezi ni kule kurudi.

Mtazame mamdogo. Anaongea, anacheka, anaulizia nani kaolewa. Jiwe likinyanyuka, maneno yanakatika. Anaisimamisha korosho kwa ubavu, anagonga, anaigeuza kidogo, anagonga tena. Vidole vina majivu, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Korosho inatoka nzima (nzima ndiyo yenye bei), inaingia kwenye ungo, na habari ya harusi inaendelea pale pale ilipokatikia.

Eti wazee wetu wanao tayari, hakuna cha kujifunza

Nusu kweli. Kazi ya mikono peke yake haileti umakinifu. Mimi nami nilikuwa nabangua siku ile. Mikono ikishazoea, inajiendea yenyewe na akili inakwenda kutembea. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake ya umakinifu mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, huwapa wanafunzi zabibu kavu moja: itazame, inuse, iguse na ulimi, ndipo utafune. Huku kwetu zabibu ya nini? Chukua korosho moja ya kukaanga. Moja, si konzi. Utashangaa kwamba utamu wake unachelewa, unakuja baada ya chumvi kwisha.

Eti unahitaji chumba kimya na nusu saa

Chumba kimya utakipata wapi Mtwara mjini, na bodaboda hizi? Mimi nimechagua kusubiri maji ya chai yachemke. Simu inabaki chumbani. Nasikiliza sufuria inavyobadilisha sauti, natoa pumzi taratibu. Basi.

Eti ni ibada ya watu wengine

Chimbuko lake ni mafundisho ya Kibudha, na halifichwi. Yanayofundishwa hospitalini hayana ibada ndani yake. Anayejitahidi kupata khushuu, yaani ule utulivu wa moyo, kwenye swala hatauona umakinifu kuwa mgeni sana, ingawa haya mawili si kitu kimoja na moja halishiki nafasi ya jingine.

Eti ni dawa ya kila kitu

Hapa ndipo ninapogombana na wauza ndoto wa mitandaoni. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha majaribio 47 ya mazoezi ya kutafakari, umakinifu ukiwamo, yenye washiriki 3,515. Waliona nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hawakupata ushahidi kwamba mazoezi hayo yanazidi dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2023 jaribio jingine la Marekani lilionyesha kwamba, kwa wenye maradhi ya wasiwasi, mafunzo ya umakinifu ya wiki 8 hayakuwa nyuma ya dawa iitwayo escitalopram. Habari njema, ila wale walihudhuria darasa kila wiki na kufanya zoezi kila siku. Hawakusubiri chai tu. Asiyelala wala kula wiki nzima, au anayewaza kufa, aende hospitali, na mwenye dawa asiziache. Aliyepitia jambo zito anaweza kufumba macho likamrudia lote. Huyo afumbue, aache, atafute mtaalamu wa kukaa naye.

Eti ni kukubali kila linalokuja

Msimu mmoja malipo yangu ya korosho yalichelewa. Nilipofika mlangoni kwa wahusika nilisimama kwanza chini ya mwembe. Hasira ilikuwa hapa, kifuani, imekaza kama kamba ya mzigo. Pumzi tatu hazikuifungua. Nilijua tu ipo, nikaingia nikamuuliza karani kwa sauti ya kawaida: tarehe ngapi? Akanipa tarehe, nikaiandika mbele yake. Ilipopita, nikarudi na ile karatasi.