Risiti za saa tisa zinazotoka saa kumi

Upande wa Tukuyu kuna kituo cha kupokea majani ya chai ambacho mpaka leo kinapima kwa programu ya DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kabla ya Windows. Kompyuta ya awali ilishakufa, hivyo programu imehamishiwa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ndani ya kompyuta ya Windows 7. Kupima inapima, kuchapa inachapa. Shida ni saa: ukiiwasha saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi jioni risiti inasoma saa tisa na dakika mbili tatu. Majani mabichi hayavumilii kukaa, kwa hiyo muda wa kupokelewa si pambo la risiti. Kuna siku mkulima anabishana nao.

Kabla sijaitwa walikuwa wamebadilisha betri ya mazabodi. Betri haihusiki. DOS ikiwaka huisoma saa ya betri mara moja tu, kisha inaendelea kwa kuhesabu mapigo ya taima. Chipu ya taima ya PC, yaani Intel 8253 na mdogo wake 8254, hupokea mawimbi 1,193,182 kwa sekunde. Gawanya kwa 65,536, unapata mapigo 18.2 kwa sekunde, pigo moja kila milisekunde 54.925. Kila pigo ni katizo: prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inaongeza moja kwenye hesabu, inarudi kazini. Siku nzima ni mapigo 1,573,040. Pigo lisipofika, DOS haina habari kwamba muda huo ulipita.

Kwenye mashine pepe chipu hiyo haipo. Kuna kipande cha programu kinacholala, kinaamka, kinapiga katizo, kinalala tena. Emyuleta ya pale, yaani programu inayoigiza kompyuta hiyo, iliandikwa hivyo hivyo: lala milisekunde 55, piga, rudia. Ukiisoma huoni kasoro, mpaka ukumbuke kwamba mfumo mwenyeji, yaani Windows inayoibeba mashine pepe, haukuahidi kukuamsha kwa wakati. Windows 7, isipoombwa vingine, hukagua nani wa kuamshwa kila milisekunde 15.625. Ukiomba 55 unaamka kwenye 62.5. Kwa hesabu hiyo saa moja ya kweli inakuwa dakika 52.7 ndani ya DOS, na kwa saa nane karibu saa nzima imekwenda na maji.

Karani alikuwa ameshaona kitu. "Fundi, nikiweka muziki saa haichelewi sana." Wenzake walicheka, ila alikuwa sahihi kabisa. Kicheza muziki huiomba Windows ikague kila milisekunde moja, na kwenye Windows 7 ombi la programu moja linaigusa kompyuta nzima. Wapo wanaoandika emyuleta wakaishia hapo: wanaomba milisekunde moja, wanafunga kazi. Mimi hiyo siiiti tiba. Hata Linux kwa kawaida huruhusu programu icheleweshwe kuamka hadi maikrosekunde 50. Mashine pepe inayotaka mapigo 1,000 kwa sekunde ikicheleweshwa hivyo kila pigo, inapoteza karibu dakika tatu kila saa.

Kasoro iko kwenye neno "rudia". Mwanafunzi wa zamu anayepiga kengele ya vipindi akihesabu dakika 40 tangu alipopiga mara ya mwisho, kila uzembe wake unaongezwa kwenye vipindi vyote vinavyofuata. Akitazama ratiba ukutani, kuchelewa kwa kipindi cha pili hakukigusi cha tatu. Basi weka ratiba. Shika muda wa kuanzia, hesabu pigo la ngapi linafuata, kokotoa saa yake kamili, ulale mpaka hapo. Mapigo bado yatasuasua, moja baada ya milisekunde 62.5, jingine baada ya 46.9, lakini jumla yake haipotei.

Kwenye ukokotoaji huo kuna mashimo mawili. Wimbi moja la chipu ni nanosekunde 838.095; ukikata ukabaki na 838, saa itakimbia karibu sekunde 10 kwa siku. Kwa hiyo usihifadhi urefu wa wimbi, hifadhi idadi ya mawimbi, kisha zidisha na kugawanya mwishoni. Ila ukizidisha nanosekunde kwa 1,193,182 ndani ya namba ya biti 64 yenye alama (ya chanya au hasi), inafurika, yaani jibu linazidi nafasi yake, baada ya saa mbili na dakika nane hivi, wakati wewe umeshajiridhisha na kufunga laptopu. QEMU, emyuleta inayotumika sana, inakwepa hilo kwa kuzidisha kwenye nafasi pana zaidi ya biti 64.

Halafu kuna mapigo yanayogongana. Chipu ya makatizo, 8259, ina biti moja tu ya kukumbuka kwamba taima imepiga. Mapigo matatu yakifika kabla la kwanza halijahudumiwa, mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, ataona moja au mawili. Tunza deni: kila pigo lililokosa nafasi liandikwe, lipelekwe baada ya mgeni kumaliza lililotangulia. KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, hufanya hivyo kwa taima hii, na QEMU ina `driftfix=slew` kwa chipu ya saa ya betri, ambayo Windows nyingi zimeitegemea kwa mapigo yao.

Deni nalo liwe na kikomo. Kompyuta ikilala kwa muda wa saa tatu umeme ulipokatika, yanasubiri mapigo karibu 197,000, na ukiyamwaga yote mgeni atahangaika na taima tu, mzani umesimama. Pale Tukuyu deni likizidi sekunde chache nalifuta, saa ya DOS inawekwa upya kutoka kwa mwenyeji.

Mgeni wa Linux mwenye kvm-clock hahitaji haya. Anasoma muda kwa mwenyeji moja kwa moja. Kerneli (viini vya mfumo) za zamani zilizojifidia zenyewe mapigo yaliyopotea ndizo za kuogopa: ukizilipa deni tena, zinalipwa mara mbili. Ukiona saa ya mgeni inakimbia badala ya kuchelewa, zima ulipaji wa deni kabla hujagusa kitu kingine.