Hati ya Babu Haiko London

Swali ninaloletewa na wanaotafuta ardhi ya mababu zao ni lilelile: "Babu wa babu yetu alikuwa na ardhi kubwa Malindi, Mwingereza akaiandika yote, hati iko London. Tunaomba namba ya faili."

Namba sina, kwa sababu faili hilo halipo. Kilichoko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko London, ni barua. Fungu la faili liitwalo CO 533 ni mawasiliano ya Kenya na Wizara ya Makoloni. FO 107 na CO 618 ni ya Zanzibar. Babu utamkuta humo kama aliasi, kama aligombana na wakubwa, au kama deni lake lilifika masikioni mwa balozi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 kisha akakimbilia kwa Wajerumani, amejaa tele. Mtu aliyekwea minazi yake kwa amani, akaswali, akafa, London haikuwa na habari naye. Daftari za ardhi za Mombasa zilibaki Mombasa, na za Unguja zilibaki Unguja.

Tena hata ukiipata hati yenyewe, itakwambia machache. Kwa ukanda wa pwani wa maili kumi, ule ambao Waingereza waliukodi kwa Sultani mwaka 1895, habari inaanzia Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai kwa Rekoda wa Hati. Dai likikubaliwa alipewa cheti. Eneo lisilodaiwa na mtu likawa la Serikali ya Kifalme. Wajukuu hukosea pande mbili hapa. Babu asipoonekana, wanasema alidhulumiwa. Huenda ni kweli. Huenda pia alikuwa safarini, au hakuona sababu ya kumthibitishia Mzungu shamba ambalo mji mzima unajua ni lake. Akionekana, wanasema basi yote yalikuwa yake. Cheti ni jibu la dai, na madai yalikuwa yakipandana. Aliyeandikwa huenda ni kaka mkubwa kwa niaba ya ndugu wote. Madai ya Wamijikenda juu ya ardhi ya ukoo nayo hayakupata masikio yaleyale. Daftari linaonyesha nani alisikilizwa. Nani alikuwa akilima, hilo ni swali jingine.

Jambo la kaunta, haraka: msajili wa ardhi hatafuti kwa jina, anatafuta kwa namba ya ploti. Ukienda na "Salim bin fulani" utarudi mikono mitupu. Namba ya ploti inatoka kwenye risiti ya kodi, ramani ya wapimaji, kesi ya zamani, au hati ya jirani.

Sasa niende kwenye ninachokipigia kelele kila siku: mirathi. Mwenye mali akifa, mali inagawanywa, na mgawo ndio unaoitoa familia hadharani. Chukua mtu aliyeacha wake wawili, wana wa kiume watatu na wa kike wanne. Wake wanachukua thumni, yaani moja ya nane, wakigawana sawa. Iliyobaki, saba ya nane, inakatwa mafungu kumi, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Ukileta yote kwenye asili, yaani jumla ya mafungu, ya 80: kila mke 5, kila mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Jumla ni 10, 42 na 28. Themanini kamili.

Sasa geuza hesabu. Unakuta hati ya miaka ishirini baadaye ambamo binti wa marehemu anauza "sehemu 7 katika 80" za shamba. Hakuna aliyekutajia ndugu zake, lakini tayari unajua mafungu ya watoto yalikuwa kumi na kwamba marehemu aliacha mke. Ukikuta na mjane ameuza 5 katika 80, basi wake walikuwa wawili. Kama watoto walikuwa watatu na wanne, au wawili na sita, au wanne na wawili, sehemu hizo hazitakwambia, maana zote zinaleta kumi. Na kama mama wa marehemu alikuwa hai, sudusi yake, yaani moja ya sita, inabadilisha asili yote. Mtoto aliyefariki kabla ya mgawo anavuruga zaidi, kwa kuwa fungu lake linagawanywa tena kwa warithi wake. Ndipo unapoona sehemu za ajabu, 13 katika 960 na kadhalika. Usiogope namba mbaya. Namba mbaya ina vifo viwili au vitatu ndani yake.

Kwa hiyo anzia faili za mahakama ya kadhi na za mirathi, kisha Gazeti la Serikali, lililoanza 1899 na ambalo sehemu kubwa inasomeka mtandaoni. Matangazo ya mirathi yamo humo. Tafuta kwa tahajia zote ambazo karani wa Kizungu au wa Kigoa angeweza kuzibuni: Salim, Selim, Salem, bin, ben, au "b." peke yake.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki: "Tumepata hati, babu aliuza shamba kwa Mhindi mwaka 1893." Je, aliuza kweli? Riba ni haramu na mkopeshaji hakopeshi bure, kwa hiyo Pwani na Unguja ilitumika bei khiyari. Mwenye shamba "anauza" kwa riale 500, na anapewa khiyari ya kulikomboa kwa bei ileile ndani ya mwaka, tuseme. Kisha angalia ukurasa wa pili wa daftari: siku hiyohiyo, watu walewale, muuzaji anakodi shamba lilelile kwa riale 60 kwa mwaka. Hajahama hata hatua moja. Hizo 60 ndizo faida ya mkopo, asilimia 12, zimevishwa kanzu ya kodi.

Dalili, basi, ni muda wa khiyari uliotajwa, mkataba wa kodi wa tarehe moja, na shamba hilohilo kuuzwa na mtu huyohuyo miaka mitatu baadaye kwa mwingine. Hii ya tatu inaweza kuwa amekomboa, au amehamisha deni kwa tajiri mpya. Karatasi ya ukombozi mara nyingi haikuandikishwa, na hapo hata mtaalamu anabaki kukisia. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mirathi: kama shamba limo kwenye orodha ya mali alipofariki, alilirudisha. Kama halimo, bado huna uhakika, kwa sababu huenda aliliweka wakfu akiwa hai, na wakfu haurithiwi.

Wakfu nao usiuruke. Wenye mashamba wengi waliweka wakfu kwa kizazi chao, na wengine kwa watumwa waliowaacha huru na kizazi cha hao. Familia inayosema "sisi ni wa ukoo wa fulani" inaweza kuwa imetoka upande wowote kati ya hizo mbili, kwa kuwa walioachwa huru walibeba nisba, yaani jina la ukoo, ya bwana wao. Najua hili halisemwi mezani. Lakini hati inaposema "huru wa" badala ya "bin", imeshasema. Na mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mrithi kamili, fungu lake ni sawa na la mtoto wa mke, hivyo mgawo hautamtofautisha. Mama akiandikwa "binti Abdallah", kumbuka ndilo jina walilopewa wengi ambao baba zao hawakujulikana. Kumbuka pia kwamba kina Abdallah wa kweli walikuwepo, tena wengi. Madai ya fidia baada ya utumwa kuondolewa kisheria, 1897 Unguja na 1907 pwani ya Kenya, huwa yanataja bwana na mtumwa pamoja. Yafuatilie kabla ya kuamua.

Mipaka sasa. Hati za zamani hazina vipimo, zina majirani wanne, mmoja kila upande: kibla, suheli (kusini), matlai (mashariki), magharibi. Hapa Mombasa kibla ni kaskazini barabara, kwa kuwa Makka iko karibu sawa kabisa juu yetu. Ndugu zetu wa Muscat wanaswali kuelekea magharibi, na nimeona michoro kutoka huko ambamo shamba zima limegeuzwa robo duara, bahari ikaingia mahali pa msitu. Andika majirani wote wanne, kisha tafuta hati zao. Babu atakuwa mpaka wa mtu. Tarehe zigeuze kwa kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 na kuongeza 622: 1326 inakupa 1908, na kweli ulianza Februari 1908. Kwa siku yenyewe, kubali kosa la siku moja kwa sababu ya mwezi kuandama.

Na tafadhali, minazi 200 si ekari. Mti ulikuwa mali peke yake na ardhi mali peke yake, kama vile mpaka leo Mombasa mtu ana nyumba bila ardhi. Babu aliyeuza minazi hakuuza udongo, na aliyerithi minazi hakurithi udongo.

Walioko Marekani wanaweza kuanza bila nauli: Chuo Kikuu cha Syracuse kina filamu ndogo (microfilm) za Nyaraka za Taifa za Kenya. Anza na ripoti za mwaka za wilaya za Malindi na Mombasa, ukiwa na majina ya majirani wanne mkononi.