Je, opera moja ndiyo iliyoizaa Ubelgiji?

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki hivi: usiku wa tarehe 25 Agosti 1830, mjini Brussels, waimbaji wawili wa opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa, waliimba wimbo wa kuipenda nchi, watazamaji wakamiminika barabarani, na Ubelgiji ikazaliwa. Kisa kitamu. Nilichopatia ni tarehe.

Opera yenyewe ni La Muette de Portici, yaani Bubu wa Portici, ya Mfaransa Daniel Auber, mzaliwa wa Caen. Inahusu uasi wa Naples, Italia, wa mwaka 1647 ulioongozwa na mvuvi Masaniello. Dada yake ndiye bubu wa jina hilo: mhusika mkuu wa opera asiyeimba hata neno moja!

Sasa, makosa yangu. Opera hiyo ilishaonyeshwa Brussels mwaka 1829, na watu wakarudi kwao kulala. Tena haina cha kumtia mtu moyo: uasi unavurugika, Masaniello anauawa, bubu anajirusha kwenye lava ya volkano ya Vesuvius. Hata nchi yenyewe haikuzaliwa usiku ule. Uhuru ulitangazwa tarehe 4 Oktoba, baada ya mapigano ya mitaani ya Septemba. Na onyesho lile lilikuwa la kumpongeza Mfalme Willem wa Uholanzi, aliyeitawala pia Ubelgiji wakati huo, kwa siku yake ya kuzaliwa.

Kilichobadilika ndani ya mwaka mmoja ni hali ya watu. Mkate ulipanda bei, ajira zikaadimika, na mwezi Julai watu wa Paris walikuwa wamemng'oa mfalme wao.

Chukua daladala inayokimbizwa ovyo. Abiria wote roho juu, ila kila mmoja anatazama dirishani akidhani mwoga ni yeye peke yake. Mama mmoja kiti cha nyuma anasema, "Dereva, punguza mwendo!" Gari zima linalipuka kwa kelele. Mama yule hakuleta hofu. Amewafanya abiria wajuane. Wimbo ule wa kuipenda nchi, ambao Masaniello na rafiki yake huuimba pamoja, ulifanya kazi hiyohiyo: kuushangilia hakukuwa kosa, na kila aliyepiga makofi alisikia makofi ya jirani yake.

Simulizi zinapishana kama watu walitoka katikati ya onyesho au lilipokwisha. Lakini usiku huohuo ofisi ya gazeti lililoitetea serikali ilishambuliwa, na nyumba ya waziri wa sheria, Van Maanen, ikachomwa moto.

Auber mwenyewe hakuwa mtu wa fujo. Tangu 1842 aliongoza chuo cha muziki cha Paris, akasimamia muziki wa ikulu ya Kaizari Napoleon III wa Ufaransa. Alifariki Mei 1871 akiwa na miaka 89, Paris ikiwa mikononi mwa waasi wa Komuni, utawala wa wananchi walioipinga serikali ya Ufaransa.