Nembo ya STI haifanyi Impreza kuwa STI

Pale Mwanga, Kigoma, utasikia tangu zamani: Subaru Impreza yenye maandishi ya STI na tundu kwenye boneti ni STI, yaani toleo la Impreza lenye nguvu zaidi. Sivyo, ndugu zangu. Nembo inabandikwa kwa dakika moja, na boneti ya kawaida hubadilishwa ikawekwa yenye tundu. Hata WRX ya kawaida, Impreza ya tabo iliyo chini ya STI, ina tundu hilo.

Chukua Impreza sedani ya miaka ya 2000 hadi 2007 iliyotoka Japani. Fungua boneti, soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi, kisha zilinganishe na kadi ya gari. GDB ndiyo STI. GDA ni WRX. Ukikuta GD2 au GD3, hiyo ni ya lita 1.5, haina tabo, hata ikipakwa buluu na kuwekewa rimu za dhahabu.

Halafu ingia ndani utazame gia. STI ya kizazi hicho ni manyuo ya gia sita. Ya otomatiki haikutengenezwa. WRX ya manyuo ina tano.

Inaniuma kuona kijana akilipia jina wakati chesisi ingemwambia ukweli bure.