Amani, Muheza: mti upi mwenyeji, mti upi mgeni

Mkazi wa Tanga akifungua bomba asubuhi, ndoo inajaa maji ya Amani. Mto Zigi unazaliwa kwenye misitu ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, unateremka mpaka bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayonywesha jiji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilifika hadi soko la hisa kuuza hatifungani ya kijani (yaani kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi inayojali mazingira) ya shilingi bilioni 53. Walionunua, wajue wasijue, wameweka fedha zao pia kwenye ukungu wa milima ile. Lakini waulize vijana wa Ngamiani kama wamewahi kupanda huko. Wengi watakwambia walikwenda na shule, darasa la sita, wakala machungwa Muheza wakarudi.

Kazi yangu ni mimea, na Amani nimekwenda mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu: na wanafunzi, na wageni, na mara nyingine peke yangu. Kila safari kuna mtu atakayesimama kwenye ubaridi wa kwanza, avute pumzi, aseme: "Msitu wa asili bwana, haujaguswa." Na bango la getini linamuunga mkono, maana limeandikwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hapo ndipo huwa naharibu starehe za watu. Msitu huu umeguswa sana. Sehemu ya kile unachokiona kijani ni wageni walioletwa kwa meli, wakazoea, wakazaa. Ukijua kuwatofautisha, matembezi ya saa mbili yanakuwa kitu kingine kabisa.

Somo linaanza kabla hujafika getini. Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni kilomita 35 hivi. Baada ya michungwa unaingia kwenye kivuli kizito, miti mirefu, majani mapana kama sinia. Watu hutoa simu na kuanza kupiga picha. Hiyo ni mitiki ya Longuza, shamba la serikali, na asili yake ni Asia. Angalia mistari: miti imesimama kama wanafunzi kwenye paredi, yote unene mmoja, na chini yake karibu hakuna kitu. Msituni kwenyewe hakuna mistari. Mti wa miaka mingi husimama bega kwa bega na mche wa mwaka jana, mizabibu mwitu inapita katikati, na kila shina lina rangi yake.

Geti lipo Sigi. (Mto ni Zigi, kituo ni Sigi, msibishane sana, ni neno lile lile.) Nyumba ya mbao unayoiona pale ilikuwa stesheni: Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi ili kushusha magogo. Unalipa kiingilio, unapata mwongoza wageni, kisha barabara inaanza kujikunja kupanda mlima. Msimkwepe mwongoza wageni kwa ajili ya kubana matumizi. Vijana na wazee wa vijiji vya hapa wanaijua miti kwa Kisambaa, kwa Kiswahili, na wengine hata kwa Kilatini chake, na nimewahi kusahihishwa na mmoja wao mbele ya wanafunzi wangu.

Juu, kwenye mita kama 900, ndipo palipojengwa mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Wajerumani. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mshike jina hilo, litarudi. Kazi ya taasisi ilikuwa kujaribu kila mmea wa kitropiki uliodhaniwa kuwa una faida kwa koloni: mpira, kafuri, mdalasini, kahawa, mbao za kila namna. Mabaki yake ndiyo bustani ya mimea ya leo, mojawapo ya kubwa barani, ingawa usitarajie vitalu vilivyofyekwa na vibao vinavyong'aa. Ni msitu wa wageni waliozeeka. Utapita mkwinini ambao gome lake liliwaokoa askari wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza: pwani ilipofungwa na manowari za Waingereza, dawa ya malaria ilitengenezwa hapa hapa.

Waingereza walipochukua nchi waliendeleza utafiti, na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha. Miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walikuwa Amani wakihangaika na magonjwa ya muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mpaka leo unawaliza wakulima wa pwani yetu, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Storey huyu, mwaka 1936. Kwa batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, walifanya kitu cha ujasiri. Waliuchukua mpira wa Ceara, ule mti wa ukoo wa muhogo ulioletwa kwa ajili ya utomvu wake, wakauchanganya na muhogo wa kawaida. Kizazi cha kwanza hakikufaa kuliwa, mizizi kama kamba. Wakarudia kukichanganya na muhogo, tena na tena, mpaka wakapata mimea yenye mzizi wa kupikika na yenye kuhimili ugonjwa. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria, na watafiti wa Ibadan wakazitumia miaka ya 1970 kuzalisha mihogo iliyosambaa Afrika nzima. Kwa hiyo mtu anayekula gari kule Lagos (ule unga wao wa muhogo) ana jamaa zake wa mbali Muheza.

Baadaye utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakaingia mikononi mwa watafiti wa malaria. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, hekta 8,380.

Sasa tuje kwa mgeni mkubwa kuliko wote. Maesopsis eminii, Waganda huuita musizi, nami nitauita msizi. Kwao ni magharibi, Uganda na Kagera. Ulipandwa Amani enzi za Wajerumani na kwa miaka mingi ukatulia kama mpangaji mwenye adabu. Kisha katika miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 wakataji waliingia na mitambo, wakafungua mapengo makubwa msituni. Msizi unapenda jua, unakua haraka, na matunda yake meusi ya zambarau yanamvutia hondohondo. Ndege yule huyameza mazima mazima, huruka kilomita kadhaa, akatema mbegu kwenye pengo jingine. Hakuna bwana shamba anayeweza kushindana na hondohondo. Katika miongo michache msizi ukawa miongoni mwa miti inayoonekana zaidi katika sehemu zilizokatwa.

Kuutambua si kazi. Shina limenyooka, rangi ya majivu, lina mifereji ya kusimama. Jani linang'aa, kingo zake zina meno. Na ukitazama juu utaona mwanga mwingi unapenya, tofauti na kivuli kizito cha wenyeji. Akiwa na wenzake, msizi huandamana na kichaka cha Clidemia chenye majani ya manyoya na vitunda vya buluu iliyokoza. Huyo naye ni mgeni, katoka Amerika ya kitropiki. Sehemu nyingine utakutana na Castilla, mpira wa Mexico, ambao nao umetoroka bustanini.

Na mwenyeji je? Nikiruhusiwa kuonyesha mti mmoja tu, naonyesha msambu. Kwa Kilatini ni Allanblackia stuhlmannii, jina la yule mkurugenzi. Haupatikani popote duniani isipokuwa kwenye Milima ya Tao la Mashariki na maeneo ya jirani, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya ukashuka Pare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi zimekuwa zikileta unyevu kwenye milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na ndiyo maana viumbe vilivyokwisha kwingine vilibaki hapa.

Msambu una dume na jike, kama mpapai. Jike huzaa tunda la kahawia, lenye umbo la boga refu, linaloning'inia kwenye uzi mnene na linaweza kufika kilo kadhaa. Usisimame chini yake bila kutazama juu. Nililipasua moja mwaka jana kwa panga la mwongozaji wetu: ndani ni ute unaoteleza kama bamia iliyochemka, na mbegu zimepangwa safu safu, kubwa kama kokwa la tende lililovimba. Mafuta yake huganda kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba kama siagi. Wasambaa walipikia tangu zamani. Baadaye kampuni za nje zilizotengeneza majarini zikaja kununua mbegu, na kina mama wa vijiji vya hapa wakawa wanaziokota kwa mauzo: wanafunika matunda kwa majani kivulini mpaka ute ulainike, ndipo wanazitoa mbegu na kuzianika. Shida ni panya buku, ambaye naye anazijua thamani zake. Anaiba, anafukia, anasahau.

Ua dogo la zambarau utakaloonyeshwa kwenye miamba karibu na maji ni Saintpaulia. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake. Leo liko kwenye madirisha ya bibi zao wote, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Wataalamu walilihamishia kwenye jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Streptocarpus mwaka 2015, uamuzi sahihi kisayansi ambao sijaona ukimfurahisha mtu yeyote. Lile la porini ni dogo, majani yake yana manyoya laini. Usiling'oe. Litakufia kabla hujafika Hale.

Laleni Amani usiku mmoja, msirudi siku hiyo hiyo. Nyumba za wageni zipo Sigi na juu Amani, za kawaida, chakula chake wali na maharage na mboga. Baada ya magharibi chukueni tochi na mwongozaji. Kinyonga akilala hupauka, akawa kama karatasi juu ya tawi, kwa hiyo yule ambaye mchana ungempita mara kumi, usiku unamwona kwa mbali. Safari yangu ya mwisho, binti mmoja wa kundi letu, mzaliwa wa Pongwe, alikataa katakata kusogea; bibi yake alimfundisha kinyonga ni nuksi. Tukamwonyesha yule mdogo wa ardhini mwenye rangi ya jani kavu, hazidi urefu wa kidole. Akacheka, akasema, "Huyu sasa nuksi yake itakuwa ya shilingi ngapi?" Kwenye majani yenye matone mnaweza kupata pia chura wa jenasi ya Nectophrynoides, ambaye hatagi mayai majini kama wenzake. Anazaa vyura wadogo, wakiwa kamili.

Mambo ya safari kwa ufupi. Stendi ya Muheza kuna magari ya kupanda, lakini ulizia siku moja kabla. Masika, Machi hadi Mei, usipande na gari la chini. Mimi nilifanya ujeuri huo, nikalala nusu ya usiku kwenye kona moja juu ya Sigi nikisubiri trekta la chai. Vaa soksi ndefu uingizie suruali ndani, kwa ajili ya siafu. Chukua sweta hata kama Tanga mnapikwa na jua. Na mkisikia mlio mzito usiku, huenda ni bundi mkubwa wa Usambara, aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa enzi zile za Wajerumani. Mimi nimemsikia mara mbili, kumwona bado.

Mwezi uliopita nilikuwa chini ya msizi mmoja mnene na mzee wa Kisambaa ambaye ametembeza watu tangu hifadhi ilipofunguliwa. Nilikuwa katika hotuba yangu ya kawaida dhidi ya msizi. Akaniacha nimalize, akainama, akasukuma majani makavu kwa fimbo. Palikuwa na mche, urefu wa goti, majani mawili mawili yakitazamana, magumu, yanang'aa. Akakata ncha ya jani moja kwa kucha, utomvu wa njano ukatoka.

"Msambu," nikasema. "Nani kaupanda, mzee?"

"Panya, mwalimu."